Kwata na Kalamu: Mafunzo ya Kijeshi kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu vya China



Lau utajaaliwa kufika katika chuo kikuu cha China mwanzoni mwa mwezi wa Septemba, kitu cha kwanza kukuonekea hakitakuwa vitabu, bali nguo za kijeshi. Utawakuta vijana wa kiume na wa kike, wenye umri wa miaka 18 au 19, ambao juzi tu walikuwa majumbani kwa mama zao, wamepangwa safu kwa safu kiwanjani. Jua lawachoma utosini, mikono wameibana mapajani, macho yatazama mbele, wala hapana athubutuye kujifuta jasho. Mbele yao amesimama mwalimu wa kwata, aghalabu askari kijana aliyewapita umri kidogo tu. Akisema neno moja, maelfu ya miguu huinuka pamoja. Akisema la pili, hushuka pamoja.

Hayo ndiyo mafunzo ya kijeshi, ambayo Wachina huyaita junxun. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yamlazimu, awe anasomea udaktari, uhasibu au ushairi. Kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2019, somo hili lina sehemu mbili: saa 36 za darasani, na mafunzo ya kiwanjani ya majuma mawili hadi matatu, yanayohisabiwa kuwa saa 112, ambayo siku zake hazitakiwi kupungua 14. Sehemu zote mbili hutiwa alama kama masomo mengine. Watoto wetu wanaokwenda kusoma huko hawamo katika jambo hili, kwani kanuni ya mwaka 2017 yasema kuwa vyuo, kwa kawaida, visiwaingize wanafunzi wa kigeni katika mafunzo ya kijeshi. Wao hutazama tu kutoka madirishani.

Sasa yatupasa tuulize. China ina jeshi lenye askari wengi kuliko jeshi lolote ulimwenguni, wapatao milioni mbili. Jeshi hilo halina haja ya majuma mawili ya mtoto wa chuo. Kijana akimaliza mafunzo haya huvua zile nguo, akarudi darasani, wala haitwi askari. Basi kwa nini dola nzima isumbuke kumfundisha kwata mwanafunzi wa uhasibu? Jawabu haipatikani kiwanjani. Yapatikana katika taarikhi ya zaidi ya miaka 100, na ndani ya taarikhi hiyo mna jambo linalomhusu kila mwenye kulea.

CHUMA KIZURI HAKIFANYWI MISUMARI

Wachina wa kale walikuwa na methali isemayo kuwa chuma kizuri hakifanywi misumari, na mwana mwema hafanywi askari. Kwao heshima ilikuwa ya mwanachuoni. Kwa zaidi ya miaka 1,000 njia ya kupata cheo ilikuwa mtihani wa maandishi, na wako wanavyuoni waliofuga kucha ndefu ili ijulikane kuwa mikono yao haifanyi kazi ya sulubu. Askari alikuwa mtu wa chini, na mara nyingi mwanakijiji alimwogopa askari wa serikali kama alivyomwogopa mnyang'anyi.

Kisha zikaja aibu moja baada ya moja. Katika mwaka 1839 hadi 1842 Waingereza waliwapiga Wachina katika vita vilivyotokana na biashara ya afyuni. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza yaliichoma moto kasri ya Mfalme iliyokuwa karibu na Beijing. Mwaka 1895 China ilishindwa na Japan, nchi ndogo ambayo wao waliihisabu kuwa mwanafunzi wao. Na mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing kwa pamoja.

Nyumba ikivunjwa mara nne, mwenye nyumba hubadilisha rai yake kuhusu mlinzi. Kanuni za skuli za mwaka 1904 zikaingiza mazoezi ya kiaskari miongoni mwa masomo, na mwaka wa pili yake ule mtihani wa kale ukafutwa. Kalamu peke yake, walisema, haikuilinda nchi.

WAZIRI MWENYE SHAKA

Mwanzoni mwa mwaka 1912 ufalme uliondoka, ikaja jamhuri, na waziri wake wa kwanza wa elimu akawa Cai Yuanpei. Mtu huyu alikuwa na elimu mbili: alifaulu mtihani mkubwa wa kale, kisha akaenda kusoma Ujerumani katika chuo kikuu cha Leipzig. Yeye ndiye aliyeandika kuwa elimu ya jamhuri iwe na matawi matano, na tawi moja liwe elimu ya uraia wa kijeshi.

Lakini tazama, ndugu msomaji, jinsi alivyolieleza jambo hili. Hakulisifu. Alikiri kuwa elimu ya kijeshi haipatani na fikira njema za zama zake, na kuwa katika nchi nyingine imeanza kufifia. Ila alitoa sababu mbili za kuikubali. Ya kwanza ni kuwa majirani wenye nguvu wameizunguka China na wameshachukua mengi yake. Ya pili ndiyo yenye kina. Alikhofia kuwa baada ya mapinduzi nchi itaangukia mikononi mwa wanajeshi, na kuwa kama raia wote hawakujua uaskari, wanajeshi watakuwa tabaka la peke yake juu ya watu, wala hapatakuwa na cha kuzisawazisha nguvu zao. Kwa hivyo kumfundisha raia uaskari, kwa rai yake, kulikuwa ni kumkinga raia na adui wa nje, na pia na mwenye bunduki wa ndani.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo yakatangazwa makusudio ya elimu ya jamhuri. Humo elimu ya adabu na maadili iliwekwa kuwa ndiyo asili, na elimu ya kazi na ya kijeshi zikawekwa kuwa wasaidizi wake. Mpango huo wa asili na msaidizi tuukumbuke, kwani tutaurudia.

Khofu ya Cai ilithibiti upesi. Majemadari waliigawanya nchi kama watu wanavyogawana nyama ya ng'ombe. Yeye mwenyewe akaja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Peking mwaka 1917, na wanafunzi wake walipokamatwa kwa maandamano ya tarehe 4 Mei, 1919, alishughulika mpaka wakafunguliwa, kisha akajiuzulu. Na baada ya Vita Vikuu vya kwanza, Ujerumani iliyokuwa mfano wa skuli za kijeshi iliposhindwa, walimu wa China waliyaondoa mazoezi ya kiaskari katika mtaala wa skuli, wakaweka michezo ya kujenga mwili.

MAJINA 834

Hali hiyo haikudumu. Mwezi wa Mei mwaka 1928 askari wa Japan walipigana na Wachina katika mji wa Jinan na raia wengi wakauawa. Mwezi huohuo mkutano wa elimu wa taifa ukapitisha kuwa skuli za juu na vyuo vyote vifundishe mambo ya kijeshi. Mwaka 1931 Wajapani wakaichukua Manchuria. Mwezi wa Desemba 1935 wanafunzi wa Beijing, mji ulioitwa Beiping zama hizo, wakatoka barabarani katika baridi kali kuitaka serikali yao ipigane. Hapa utaona ajabu: haikuwa tena serikali inayomsukuma mwanafunzi kwenye uaskari, bali mwanafunzi anayeisukuma serikali.

Walichokitaka walikipata, na kilikuwa kizito. Kusini ya mji huo, mahali paitwapo Nanyuan, palikuwa na kikosi cha wanafunzi zaidi ya 1,000 waliokuwa wakifunzwa na Jeshi la 29. Tarehe 28 Julai, 1937, Wajapani waliishambulia kambi hiyo kwa ndege na mizinga. Vijana wale, ambao mafunzo yao hayajaisha, walipewa bunduki wakaingia mahandakini, na wengi wao hawakurudi. Siku hiyohiyo waliuawa majemadari wawili, Tong Linge na Zhao Dengyu.

Vyuo vikuu vitatu, Peking, Tsinghua na Nankai, vilikimbia vita vikaenda mbali kusini-magharibi, mpaka Kunming katika jimbo la Yunnan. Jimbo hilo si geni kwetu watu wa Pwani, kwani ndiko alikozaliwa Zheng He, yule amiri wa bahari wa ukoo wa Kiislamu ambaye merikebu zake zilifika Malindi katika karne ya 15. Huko Kunming vyuo vitatu vikawa chuo kimoja, na wanafunzi wakasoma huku ndege za adui zikipita juu ya vichwa vyao. Mwaka 1944, Chiang Kai-shek alipowaita vijana wasomi 100,000 waingie jeshini, wanafunzi wa chuo hicho walikuwa miongoni mwa waliokwenda.

Vita vilipokwisha, kabla ya kurudi makwao, walisimamisha jiwe mwaka 1946. Upande mmoja umeandikwa khabari za chuo, maneno ya mwanafalsafa Feng Youlan. Upande wa pili yamechongwa majina ya wanafunzi 834 walioacha masomo wakaingia vitani. Jiwe lingali hapo mpaka leo. Ukilitazama utafahamu maana ya mafunzo ya kijeshi pale yanapokutana na moyo uliokubali. Hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini anashika bunduki ikiwa nyumba yake inaungua.

KILA MTU ASKARI

Mwaka 1949 chama cha Kikomunisti kikashika dola. Sheria ya utumishi wa jeshi ya tarehe 30 Julai, 1955, ikataka wanafunzi wa vyuo wafunzwe uaskari, na vyuo vichache vikaanza kwa majaribio. Majaribio yakasimamishwa mwaka 1957. Mwaka uliofuata ikatoka amri nyingine, kila mtu awe askari, na vyuo vikageuzwa vikosi vya wanamgambo.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni. Tarehe 7 Mei, 1966, Mao Zedong aliandika kuwa mwanafunzi ajifunze pia kazi ya kiwanda, kilimo na uaskari. Mwaka 1967 askari wakatumwa katika skuli na vyuo. Lakini mtihani wa kuingilia vyuo vikuu ulikuwa umefutwa, na haukurudi mpaka mwaka 1977. Walimu walitukanwa na kupigwa na wanafunzi wao wenyewe, na mamilioni ya vijana walipelekwa mashamba.

Hebu tuzingatie hapa. Miaka ile vijana waliimba nyimbo za kijeshi, walivaa nguo za kijeshi, na walipanga safu kila asubuhi. Umbo la nidhamu lilikuwepo lote. Lakini nidhamu yenyewe, ile ya kumheshimu mwalimu na kumhurumia mzee, haikuonekana. Kumbe mtu aweza kujua kugeuka kulia na kushoto kwa amri, na asijue kuuzuia mkono wake mwenyewe.

MWAKA MMOJA KAMBINI

Baada ya Mao kufa, nchi ikatulia na vyuo vikafunguliwa. Sheria mpya ya utumishi wa jeshi ya mwaka 1984 ikayarudisha mafunzo ya wanafunzi, na mwaka 1985 vyuo 52 vikaanza kuyajaribu. Yalikuwa mafunzo mafupi, na wengi waliyachukulia kama sehemu ya maisha ya chuo.

Mwaka 1989 mambo yakageuka. Wanafunzi wa Beijing, na wa Chuo Kikuu cha Peking wakiwa mbele, walikusanyika katika uwanja wa Tiananmen kudai uhuru zaidi na kupinga ulaji rushwa. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Juni jeshi likaingia mjini kwa vifaru na bunduki, likawapiga watu risasi. Idadi ya waliokufa yabishaniwa mpaka leo.

Msimu wa masomo ulipofika mwaka huo, wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Peking hawakupelekwa chuoni kwao. Idadi yao ilipunguzwa, kutoka kiasi cha 2,000 hadi kiasi cha 800, nao wakapelekwa katika chuo cha kijeshi cha Shijiazhuang, kusini-magharibi ya Beijing. Walikaa huko mwaka mzima, wakila na kulala kiaskari, wakipiga kwata, wakilenga shabaha, na wakisomeshwa siasa. Mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Fudan cha Shanghai nacho kikaingizwa katika utaratibu huo. Hivyo masomo ya miaka minne yakawa miaka mitano. Wazazi wengi wenye watoto hodari waliona afadhali mtoto aombe chuo kingine. Utaratibu huo uliendelea kwa Peking miaka minne na kwa Fudan miaka mitatu, ukaondolewa mwaka 1993.

Sasa, ndugu msomaji, rudi nyuma ukamkumbuke Cai Yuanpei. Yeye alitaka raia wajue uaskari ili jeshi lisiwe juu ya raia. Miaka 77 baadaye, vijana wa chuo kilekile alichokiongoza walipelekwa chini ya jeshi ili wasijidai tena mbele ya dola. Kwata ilikuwa ileile, bunduki ileile, na maneno ya kuilinda nchi yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni nia. Katika Nanyuan mafunzo yalikuwa ngao ya mwanafunzi. Katika Shijiazhuang yalikuwa hatamu yake.

HALI ILIVYO LEO

Mwaka 2001 ilipitishwa sheria ya elimu ya ulinzi wa taifa, na mafunzo ya kiwanjani yakaenea katika vyuo vyote. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 sheria hiyo ilirekebishwa na kutiwa nguvu zaidi.

Haitakuwa insafu kusema kuwa hayana faida. Wanaoyatetea wana hoja ya kusikilizwa. Tangu mwaka 1980 mpaka mwisho wa 2015 China ilikuwa na amri ya kuzaa mtoto mmoja, na vijana wengi walikulia peke yao, wakitumikiwa na baba, mama, na mababu na mabibi wanne. Kijana kama huyo hufika chuoni hajapata kulala chumba kimoja na wenziwe. Kambini huamshwa alfajiri. Huukunja mfarishi wake mpaka uwe na pembe kali kama mche wa sabuni, na Wachina wenyewe huufananisha na kipande cha tofu, ile jibini nyeupe ya soya. Jioni vikosi hushindana kwa kuimba. Siku ya mwisho hupiga gwaride mbele ya wakuu wa chuo, na wako wanaolia wakiagana na askari waliowafunza, ingawa siku ya kwanza waliwachukia.

Wanaoyalaumu nao wana hoja. Wasema kuwa kusimama juani si kujua kuilinda nchi, na kuwa kila mwaka wako wanaoanguka kwa joto. Wasema pia kuwa askari kijana akipewa mamlaka juu ya watoto wa watu bila ya uangalizi, mamlaka hayo hupotoka. Mwezi wa Agosti mwaka 2014, katika wilaya ya Longshan jimboni Hunan, wakufunzi wa kijeshi na wanafunzi wa skuli moja ya sekondari walipigana, na watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi, wakajeruhiwa. Mafunzo ya kutiisha yaliishia katika ngumi.

MAFUNZO KWETU

Swala hili si la Wachina peke yao. Wazee wetu wa Tanzania wakumbuka tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga kulazimishwa Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Yeye aliona wasomi wanataka kukaa juu ya wakulima waliowalipia masomo. Wao waliona wanatwishwa mzigo bila ya kuulizwa. Kila nchi inayosomesha itafika siku iulize: msomi adaiwa nini na watu wake, na nani mwenye haki ya kumdai?

Taarikhi ya China yatupa jawabu la kuzingatia, na jawabu hilo laingia mpaka ndani ya nyumba zetu. Twasema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli. Lakini methali hiyo yasema habari ya kukunja tu. Haisemi umkunje kuelekea wapi. Hilo limeachiwa mkunjaji, na ndilo atakaloulizwa.

Baba aweza kumfanya mwanawe asimame wima kila aingiapo. Mama aweza kuifanya nyumba yote inyamaze kwa kukohoa kwake. Utii huo hupatikana upesi, kama safu ipatikanavyo kiwanjani kwa siku 14. Lakini je, mtoto akiwa peke yake, mbali na macho yako, atasimama wima? Wale vijana wa Kunming walioondoka kwa hiari yao walijua wanachokilinda. Naye kijana aliyenyamazishwa kwa amri hunyamaza maadamu mwenye amri amesimama mbele yake; amri ikigeuza kisogo, hapana ajuaye atafanya nini.

Basi tusiache kuwafunza watoto wetu nidhamu, kwani mtoto asiyejua kuamka, kutandika na kungoja zamu yake ni mzigo kwa nafsi yake na kwa wenziwe. Lakini tufuate mpango ule wa mwaka 1912: maadili yawe asili, na amri iwe msaidizi. Kila unapomwambia mwanao simama, mweleze wasimamia nini. Na ukiona huna la kumweleza, isipokuwa kwamba wewe ni mkubwa na yeye ni mdogo, basi kabla ya kumsimamisha yeye, kaa kwanza uipime nia yako.